Maporomoko ya Sipi na msitu wa Elgon: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekuwa nikitembeza wageni kati ya Sipi na Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kwa muda mrefu kiasi cha kulijua swali kabla mgeni hajafungua kinywa. Maswali ya hapa ni yale yanayorudiwa: kwenye simu usiku kabla ya safari, ndani ya teksi kutoka Mbale, na pale mlangoni mwa shamba la mtu mzozo wa pesa unapoanza. Bei sikuziandika, maana hubadilika kila mara.

## Mambo ya kwanza

Maporomoko ya Sipi yako ndani ya hifadhi ya taifa?

Hapana, yako nje. Jibu hili moja likikaa kichwani, nusu ya ugomvi wa siku unakwisha.

Maporomoko yote matatu yako chini ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, katikati ya mashamba ya watu: kahawa, migomba, mahindi, kitunguu. Njia unayopita ni njia ya mtu ya kwenda kuchota maji. Ukipanda zaidi, mashamba yanakwisha na msitu unaanza, na huo ni wa serikali, chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo huku kila mtu huiita UWA. Mlango wa karibu ni Kapkwai.

Kwa hiyo kuna malipo ya aina mbili. Kwenye maporomoko unamlipa mwongozaji wako na wenye mashamba. Msituni unalipa UWA na unapewa risiti. Risiti ya UWA haimhusu mama mwenye shamba chini ya poromoko, na pesa uliyompa mama haitakufungulia lango la Kapkwai. Nimeona wageni wakipunga risiti ya hifadhi mbele ya mzee mwenye kahawa yake. Mzee anaitazama tu.

Ni poromoko moja au matatu?

Matatu, yote ya mto mmoja, mto Sipi, unaoshuka kutoka Elgon kwa ngazi. La juu huitwa Ngasire, nalo lina urefu wa mita 85 hivi. La kati, Simba, lina mita 70 na kitu, na nyuma ya pazia lake la maji kuna pango unaloweza kuingia ukasimama. La chini ndilo kubwa, karibu mita 100, na ndilo unaloliona kwenye picha zote.

Jina Sipi linatokana na *sep*, mmea unaofanana na mgomba wa mwitu unaoota kando ya mto huo. Wazee wanautumia kama dawa ya tumbo na surua. Mwambie mwongozaji akuonyeshe: jani lake ukilitazama jua likiwa nyuma yake, ule uti mwekundu wa katikati unawaka.

Sipi na Kapchorwa ni mji mmoja?

Watu wa Kampala huchanganya. Ukitoka Mbale unafika Sipi kwanza, ambayo ni senta ndogo ukingoni mwa genge, mita 1,775 hivi juu ya usawa wa bahari. Kapchorwa, makao makuu ya wilaya, iko mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo. Nyumba za wageni zenye kutazama maporomoko ziko Sipi. Benki, soko kubwa na vyumba vya bei ya chini viko Kapchorwa. Mimi ningelala Sipi usiku mmoja kwa ajili ya asubuhi yake tu, kisha nihamie mjini.

Mlima Elgon wenyewe ni mrefu kiasi gani?

Kilele chake, Wagagai, kiko mita 4,321, upande wa Uganda. Ni volkano iliyozimika zamani sana, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 20, na shimo lake la juu lina eneo la takribani kilomita 40 za mraba. Ndiyo maana ukiwa Sipi huoni "mlima" kwa umbo la Kilimanjaro. Uko juu yake tayari. Kinachoonekana ni mgongo mrefu wa kijani nyuma yako, na mbele yako tambarare za Teso na Karamoja zimelala hadi macho yachoke.

Nije mwezi gani?

Desemba hadi Februari ni kukavu: njia hazitelezi na anga iko wazi. Lakini maji hupungua. Mvua huanza kushika Machi au Aprili na kwenda hadi Oktoba au Novemba, ikilegea kidogo katikati ya mwaka. Wakati huo poromoko la chini linanguruma hadi madirisha ya senta yatikisike, na wewe utarudi na tope hadi magotini.

Nikilazimishwa kuchagua, ningesema Novemba mwishoni au Desemba mwanzoni. Mto bado umejaa, njia zimeanza kukauka, na kahawa iko katikati ya mavuno. Mwezi wowote utakaokuja, anza kutembea saa mbili asubuhi. Mvua ya Elgon hupenda kuja kuanzia saa nane mchana, na haipigi hodi.

## Kufika

Kutoka Kampala napandia wapi?

Panda basi au teksi ya Mbale kupitia Jinja, Iganga na barabara ya Tirinyi. Ni mwendo wa saa nne hadi tano, zaidi ukikutana na malori ya miwa na msongamano wa Jinja. Mbale ulizia teksi za Kapchorwa. Mgeni kutoka Kenya au Tanzania akumbuke kwamba "teksi" ya Uganda ni ile matatu au daladala yake. Kama gari ni la kwako peke yako, hiyo ni "spesho", na bei ni ya spesho.

Baada ya Sironko njia ya Moroto inakwenda zake kaskazini, na yetu inaanza kupanda. Mwambie kondakta "Sipi" mapema, la sivyo utajikuta Kapchorwa.

Natoka Kitale. Lazima nizunguke Malaba?

Zamani ilikuwa karibu lazima. Barabara ya kutoka Suam, kituo cha mpakani, hadi Kapchorwa, kilomita 73, ilikuwa udongo mtupu, na kipindi cha mvua lori lililokwama Bukwo lilikuwa kama hoteli: watu wanapika, wanalala, wanasubiri. Sasa imetiwa lami. Unavuka Suam, unapita Bukwo na Kween, unaingia Kapchorwa kwa upande wa juu. Mandhari yake ni bora kuliko ya Mbale, na ninashangaa wageni wengi hawaijui.

Nahitaji pasi?

Mkenya na Mnyarwanda wanaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania aje na pasi, ila visa halipii. Wote wabebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Barabara ni salama wakati wa mvua?

Lami ya Mbale hadi Kapchorwa ni nzuri, ila miteremko ya Elgon ina historia ya kuporomoka. Machi 2010 kijiji cha Nametsi huko Bududa kilifukiwa, na Novemba 2024 ardhi iliporomoka Bulambuli, wilaya unayopita ukija kwetu. Udongo wa volkano ni mzito, mlima ni mkali, watu ni wengi na miti imepungua. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, piga simu kwa mwenyeji wako kabla ya kutoka Mbale, na usisafiri usiku.

## Kutembea kwenye maporomoko

Kuyaona yote matatu kunachukua muda gani?

Saa tatu hadi nne, ukitembea kwa mwendo wa mtu anayesimama kupiga picha. Waongozaji wengi huanza na la chini: unashuka bondeni kwa njia ya mashamba na ngazi za mbao, unaloa, unapanda tena. Kisha la Simba na pango lake, mwishowe Ngasire. Mimi hufanya kinyume. Naanza juu, ili sehemu ngumu ya kushuka bondeni ije miguu ikiwa imeshapashwa. Jambo moja halibadiliki: kila mteremko wa bonde la chini utaulipa kwa kupanda.

Mama yangu ana miaka sabini. Ataona nini?

Ataona poromoko kubwa zima, bila kupanda popote. Kuna ukingo hapo senta, na bustani za nyumba za wageni, ambako unakaa kwenye kiti na chai yako na maji yanaanguka mbele yako ng'ambo ya bonde. Pango la Simba pia linawezekana kwa mzee mwenye miguu mizima na mtu wa kumshika mkono. Chini kabisa, hapana. Usimwambie "ni karibu tu".

Mwongozaji ni lazima?

Sheria haikulazimishi huku kwenye mashamba. Msituni ni suala jingine (soma sehemu ya msitu). Lakini njia zimegawanyika kama mishipa ya jani, nyingine zinaishia kwenye zizi la ng'ombe wa mtu, na mgeni asiye na mwenyeji huonwa kama mtu anayepimapima ardhi. Kwa hali ya ardhi ya Sebei, kama eneo letu hili linavyoitwa, hilo si jambo dogo.

Chukua mwongozaji wa hapa. Kubalianeni bei mbele, na ulize neno kwa neno: "Hiyo ni pamoja na hela za wenye mashamba?" Nusu ya wageni wanaolalamika kwamba wameibiwa hawakuibiwa. Walielewana na mtu mmoja, wakakutana na milango mitatu.

Kwa nini natozwa kila baada ya mita mia mbili?

Kwa sababu umevuka mpaka wa shamba. Mwenye shamba ndiye aliyetengeneza ngazi, ndiye anayefyeka njia, na kahawa yake ndiyo inayokanyagwa. Hela ni ndogo. Kitu ambacho hakikubaliki ni kijana asiye na shamba anayejitokeza kichakani na kudai "ada ya picha". Hapo mwongozaji wako ndiye wa kusema, si wewe.

Naweza kuogelea?

Kati ya maporomoko ya juu kuna vidimbwi ambavyo watu huoga. Maji ni ya mlimani, yatakufanya upige kelele. Chini ya poromoko kubwa usiogelee. Mita mia za maji hushuka na vijiti na mawe, na upepo wake peke yake unaweza kumyumbisha mtu mzima. Simama kwenye manyunyu, inatosha.

Nivae nini?

Kiatu chenye meno. Raba laini ya mjini itakuangusha mbele ya watoto, nao watacheka. Gambuti za soko la Kapchorwa ni bora kuliko viatu vingi vya bei mbaya. Beba koti la mvua hata kama kunang'aa, mfuko wa plastiki wa simu, na sweta la usiku: baridi ya Sipi huwashangaza watu wa Kampala na huwatesa watu wa Mombasa. Msituni, ingiza suruali ndani ya soksi. Siafu.

## Msituni

Kapkwai kuna nini ambacho Sipi hakuna?

Kuna kimya. Kwenye maporomoko unasikia maji, redio, jogoo na watoto wanaosalimia. Kapkwai ukishapita lango dakika kumi, kilichobaki ni ndege na matawi.

Kutoka kituo cha UWA kuna mizunguko ya kutembea kwa siku moja. Wa mgongo wa mlima ni mfupi, kilomita 3 hivi. Wa poromoko la Chebonet ni kilomita 5, na wa mianzi ni kilomita 7, ukipita msitu wa miti mirefu hadi penye mianzi. Kuna pia mapango, na pango la Tutum ni mahali pa kulala kwa wanaotaka usiku mmoja msituni.

Wa mianzi ndio ninaoupenda. Unaanza kwenye miti ya Elgon yenyewe, podo na ile iitwayo tiki ya Elgon, yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia, na mbega weusi kwa weupe wanaruka juu kama mashuka yaliyopeperushwa kutoka kwenye kamba. Halafu, bila onyo, mwanga unabadilika rangi, kila kitu kinakuwa wima, na upepo ukivuma mianzi inagongana kwa sauti ya mlango wa zamani. Wageni wengi huacha kuongea hapo, hata wale walioongea njia nzima.

Naweza kuingia msituni na mwongozaji wangu wa Sipi?

Anaweza kukusindikiza, lakini ndani ya hifadhi utatembea na askari wa UWA, na kiingilio utalipa langoni kwa kundi lako: raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi, au mgeni asiye mkazi. Tofauti ya bei kati ya makundi hayo ni kubwa, kwa hiyo beba kitambulisho. "Nimekiacha hotelini" imewagharimu wengi.

Kuna wanyama wakali?

Kwenye mizunguko ya siku moja utakutana zaidi na mbega, kima na ndege. Elgon ina aina zaidi ya 300 za ndege. Nyoka wapo, na hukukimbia kabla hujawaona. Mnyama aliyewahi kunifukuza mimi mwenyewe ni siafu. Askari hubeba bunduki, na hiyo isikutishe.

Nikitaka kufika Wagagai?

Hiyo ni safari ya siku nne au zaidi, na si ya kuamulia mezani jioni. Njia zinazojulikana upande wetu ni tatu: Sasa inayoanzia Budadiri, fupi na kali, Piswa inayoanzia Kapkwata, ndefu na ya taratibu, na ya Sipi inayoanzia Kapkwai. Wengi hupanda kwa Sasa na kushuka kwa Sipi, ili mwisho wa safari uwe kitanda na maporomoko. Wabebaji mizigo na askari hupangwa na UWA. Ukipita mita 3,500 utaona mimea iitwayo lobelia, mirefu kuliko wewe, na usiku maji ya chupa yanaweza kuganda.

Kwa nini watu wa juu huongea kuhusu hifadhi kwa uchungu?

Ukitembea na masikio utalisikia hili, kwa hiyo bora ulijue. Wabenet waliishi juu, kwenye mbuga za mlimani, kabla ya ramani yoyote. Mwaka 1983 serikali iliwatengea ardhi chini ili watoke msituni, lakini mstari ulichorwa vibaya na wengi hawakupata. Mwaka 1993 Elgon ikawa hifadhi ya taifa, na waliokuwa juu ya mstari wakawa wavamizi. Mwaka 2005 Mahakama Kuu iliwatambua kuwa wenyeji wa asili wa eneo hilo. Bado kuna familia zinazoishi kwenye vibanda vya muda, zikisubiri. Ukisikia mtu akiuita msitu "wa UWA" badala ya "wetu", hapo ndipo neno hilo linapotoka.

## Watu, chakula na kahawa

Kiswahili kitanifikisha?

Kitakufikisha vizuri kuliko sehemu nyingi za Uganda. Lugha ya nyumbani ni Kupsabiny, ndugu ya Kikalenjin cha Kenya, na biashara ya mpakani imefanya Kiswahili kiwe cha sokoni tangu zamani. Kadiri unavyokaribia Suam ndivyo kinavyozidi. Mtanzania asishangae tu akimwamkia mzee "shikamoo" na kujibiwa "mzuri". Heshima imepokelewa. Sema "habari ya asubuhi, mzee", mpe mkono, usiharakishe.

Matembezi ya kahawa ni ya watalii tu?

Yameandaliwa kwa ajili ya wageni, ndiyo, lakini kahawa ni ya kweli. Ni Arabika, inayopandwa chini ya kivuli cha migomba, na kwa wengi hapa ndiyo karo ya shule. Mwenye shamba atakuonyesha buni nyekundu, atakupa kinu na mchi utwange mwenyewe, mtakaanga kwenye moto wa kuni, kisha mtakunywa palepale. Njoo kati ya Septemba na Januari kama unataka kuchuma. Wakati mwingine wa mwaka utatwanga zilizokaushwa. Ukinunua, nunua kwa huyo aliyekutwangisha.

Nile nini?

Matoke, posho (ndiyo ugali), maharage, na rolex asubuhi kabla ya kutembea (chapati iliyokunjwa na mayai, kwa mgeni). Ukipita Mbale tafuta malewa: machipukizi ya mianzi ya Elgon yaliyokaushwa kwa moshi, yakapikwa kwa karanga. Ni chakula cha Wagisu. Ukishatembea msitu wa mianzi, kina ladha tofauti.

Nitamwona Cheptegei?

Swali hili huulizwa na watu wazima, kwa uso usiocheka. Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 Paris 2024, ni wa Kapchorwa, na Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London 2012 ni wa hukuhuku. Jacob Kiplimo ni wa Bukwo. Amka saa kumi na mbili usimame kando ya barabara: utaona makundi ya vijana wakikupita kana kwamba mteremko unaelekea juu. Kama bingwa yumo, utajua alipokwishapita.

## Yasiyo ya kawaida

Pango la virusi vya Marburg liko huku?

Pango linalozungumzwa ni Kitum, nalo liko upande wa Kenya wa mlima. Watu waliolitembelea waliugua Marburg, homa ya kuua inayobebwa na popo, mwaka 1980 na 1987. Mapango ya upande wetu unaweza kuyatembelea na mwongozaji, ila lenye popo wengi usikae ndani, usiguse kinyesi chao, na usile chochote kabla ya kunawa.

Naweza kuvuka hadi Kenya kwa juu ya mlima?

Si kwa kujiendea. Kuvuka kunahitaji mpango na mamlaka za hifadhi za pande zote mbili na taratibu za uhamiaji kabla hujaanza kupanda. Bila hayo, wewe ni mtu aliyekutwa msituni bila karatasi. Suam iko palepale na ina lami.

Nina droni.

Uganda inadai kibali kabla ya kurusha, na kibali hicho hakipatikani Sipi. Mwongozaji akikuambia "rusha tu", muulize kama atakusindikiza polisi pia.

Mvua imenikuta chini ya poromoko kubwa. Nifanye nini?

Kaa. Mara ya pekee niliyowahi kuumia kazini ni siku niliyoharakisha kupandisha wageni wanne wakati inanyesha, kwa sababu mmoja alikuwa na basi la saa kumi. Ngazi ya mbao iliyoloa ni sabuni. Nilianguka mimi, si wao, na basi likaondoka vilevile.

Ondokeni kwenye kingo za mto, maana unaweza kujaa kutokana na mvua ya juu ambayo ninyi hamkuiona. Subirini chini ya jabali au kwenye kibanda cha karibu. Mama mwenye shamba atawafungulia jikoni. Mvua nyingi za mchana hupungua ndani ya saa moja. Ikikatika, zipeni ngazi dakika kumi zichuruzike, mpande mmoja mmoja, na aliye nyuma asiweke mguu hadi wa mbele afike juu. Na mama wa jikoni, mlipeni chai.